Mahindi ya Mwenyewe

Jumatatu, 1 Septemba 1986

Nimefungua. Nimepangusa mashine. Nimekaa. Mpaka adhana ya adhuhuri hapa Makina, Kibera, wateja wawili tu, na mmoja alikuwa anauliza choo kiko wapi.

Mashine yenyewe haina kasoro. Ya stima, imefunikwa bati jeupe kutoka juu mpaka chini, haipigi kelele, haitoi vumbi. Unamwaga mahindi yako huku, mizani inapima, unafungua bomba kule na kuondoka na unga wa uzani uleule, uliokwisha kusagwa tangu asubuhi. Hakuna foleni. Hakuna kukohoa. Kampuni ilileta mbili: moja hapa Kibera, nyingine Kawangware ninakoishi. Niliacha kazi kwenye kisiagi cha dizeli cha Mzee Karanja, hukohuko Kawangware, ili nije kuishika hii. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mtambo wake ni kopo la kutu na sirudi pale ng'o.

Sasa wanawake wa Kibera wanapita na mabeseni kichwani, wananisalimu vizuri, halafu wanaenda kupanga foleni kwenye visiagi vya makelele huko chini. Mashine yangu wameipa jina. Bubu. Imeniuma.

Jioni nimepitia kwa Karanja kusaga mahindi niliyoletewa kutoka kwa mama, Bungoma. Kanicheka mpaka mabega yakatikisika. Nikamlipa, nikachukua unga. Biashara ni biashara.

Alhamisi, 4 Septemba

Meneja wa kampuni amekuja na tai yake. Kasimama mlangoni kama mtu anayetazama maiti. Akasema mwezi ukiisha hivi, mashine inaondolewa na mlango unafungwa. Kwaheri Nafula.

Nitaenda wapi? Kwa Karanja, nikaombe kazi mbele ya watu walewale. Afadhali nifue nguo za watu mpaka vidole vichubuke.

Injinia Odhiambo, aliyeibuni hii mashine, alikuwepo. Anakaa hapo Olympic, si mbali. Aliitazama Bubu kama mzazi ambaye mtoto wake amefukuzwa shule. Nilimhurumia, halafu nikakasirika, maana yeye atapata kazi nyingine.

Jumanne, 9 Septemba

Kampuni wameleta kipaza sauti. Wameleta kofia za bure. Wamepunguza bei. Watu wamevaa kofia, wakaenda nazo kwenye foleni ya dizeli. Haki ya Mungu, nimeziona kofia zetu pale, zimejaa unga wa mtu mwingine!

Mama Halima ameingia. Huyu ni mama wa hapa hapa Makina, kazaliwa hapa, akisema jambo mtaa mzima unalijua kabla ya chai. Kaizunguka Bubu. Kaligonga bati kwa kidole. Kauliza mahindi yake yakiingia yanakwenda wapi.

Nikamweleza: yanaingia kwenye tangi, yanachanganyika na mengine, yeye anapata unga ulio tayari. Mahindi ni mahindi, mama.

"Na mtoto ni mtoto, siyo?" akasema. "Nikuletee wangu, unipe wa nani?"

Akabeba beseni lake akaenda. Wanawake wawili waliokuwa nyuma yake wakaenda naye. Nilibaki nimekasirika siku nzima. Ujinga tu! Watu wanaletewa kitu kizuri wanakikataa.

Jumatatu, 15 Septemba

Kawangware wamefunga. Nimeiona kwa macho yangu asubuhi, nikitoka nyumbani. Dada ya Bubu juu ya lori, imefungwa kamba, bati lake bado linang'aa. Watoto wanaikimbilia wakiimba "Bubu! Bubu!" Jina limevuka Ngong Road kabla yangu.

Karanja alikuwa amesimama mbele ya kisiagi chake, amejaa unga mpaka kwenye kope. Akalipungia lori mkono.

Sikulia. Nililia kazini, hapakuwa na mteja wa kuniona.

Jumamosi, 20 Septemba

Hii lazima niiandike vizuri.

Mahindi ya mama yalikuwa yamebaki kidogo. Nikayachambua, nikajitwika, nikaenda kwa Karanja. Foleni mpaka barabarani, injini inapiga tuku-tuku-tuku, moshi, kelele, wanawake wanasengenya kwa kupigiana mayowe. Zamu yangu ilipofika nikasogea karibu kabisa, nikakodoa macho. Niliyaona mahindi yangu yakiingia. Niliiona ile soksi ya kitambaa inayopokea unga chini ya mashine ikivimba kwa unga wangu. Kijana wa kazi wa Karanja alipotaka kuniondoa kabla haijaisha nikamfokea: ipige! Ipige tena, bado kuna wangu humo ndani! Nikaipiga mwenyewe kwa kofi mpaka ikalegea.

Nikageuka, na huyo hapo mtu mrefu, kofia imeshushwa mpaka puani, amekumbatia kifuko kama mwizi wa kuku. Nikavitazama viatu. Viatu nikavijua.

Injinia.

Mama yake amekuja kutoka Siaya. Kaleta mahindi, mtama na muhogo mkavu, vyote vya shamba lake, na amesema unga wa bomba la Bubu haumfikii mdomoni. Kibera Injinia angeonekana na kila mtu. Ndiyo akaja mpaka Kawangware, ajifiche. Na mimi huyo, mwenye kuisifu Bubu kwa kipaza sauti, unga umenijaa mikononi, bado una moto.

Tulitazamana. Kisha tukacheka. Tulicheka mpaka nikakaa chini juu ya gunia la mtu.

Karanja akazima injini kusudi asikike. "Njooni mwone! Leo Bubu ameleta wazazi wake wote wawili!"

Foleni nzima iliangua kicheko. Wacha wacheke. Mimi nilikuwa nimeshaacha kucheka, maana jambo lilikuwa limeniingia. Sijawahi kusaga mahindi yangu kwa Bubu. Hata siku moja! Nakaa nayo kutwa, na jioni nabeba ya mama nayaleta huku. Sikuwahi hata kujiuliza kwa nini.

Najua kwa nini. Mama aliyapukuchua kwa vidole vyake, na vidole vyenyewe vina baridi yabisi. Niyamwage kwenye tangi, nipewe ya nani?

Tulitembea na Injinia mpaka stendi, tunasema wote kwa pamoja. Sisi tulipima dakika. Nani alituomba dakika? Wale wanawake wana dakika, na foleni wanaipenda, ndiko habari ziliko. Walichotaka ni kuona chao kikiingia na chao kikitoka. Karanja na kopo lake la kutu anawapa hicho. Bubu, pamoja na stima na bati jeupe, anawanyima. Kwisha. Hakuna ujinga hapo, labda wetu.

Nikamuuliza, bila tangi inasaga? Akasimama katikati ya barabara mpaka wakampigia honi. Akasema inasaga vizuri zaidi.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda kanisani. Mungu anajua.

Tumeifungua Bubu. Injinia katoa tangi lote, kaunganisha mdomo na meno ya kusagia moja kwa moja. Kakata bati ubavuni, tundu kubwa, katia kioo cha dirisha chenye bawaba. Hatuna ruhusa ya mtu. Meneja akijua kabla haijafanya kazi, wote wawili nje.

Mimi nimeshona soksi ya kitambaa cha amerikani. Nimeishona mara mbili kila upande. Sitaki aibu ya kupasuka.

Mahindi ya majaribio yalikuwa ya mama yake Injinia. Tumeyaona kupitia kioo yakiruka. Unga ukatoka mweupe na mkavu, hauna hata harufu ya dizeli. Niliurusha juu kama mwendawazimu. Kesho kutwa sijui nitakuwa wapi, lakini leo nimefurahi.

Jumatatu, 22 Septemba

Naandika mkono unauma kwa kazi.

Asubuhi nilikwenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa Mama Halima. Nikamwambia, njoo na mahindi yako, utayaona. Usipoyaona, nitangaze mtaa mzima. Kuambiwa atangaze tu, akachukua beseni.

Alikuwa amechanganya na mtama mwekundu, wa uji. Akaja na nusu ya Makina nyuma yake. Akamwaga. Akaweka pua kwenye kioo. Nikawasha. Akapiga ukelele: "Yangu hayo! Mtama wangu ule!" Unga ukashuka kwenye soksi na rangi yake ya udongo, rangi ambayo hakuna mwingine hapo aliyekuwa nayo. Nikamwachia soksi aipige mwenyewe. Akaipiga kama anayemkomesha mume.

Mabeseni yakaanza kupangwa. Mimi nikaanza kujisikia mtu.

Na hapo hapo, balaa mbili. Wa pili alikuwa na mahindi meupe matupu, na unga wake ukatoka umeingia wekundu wa mtama wa Mama Halima. Akalia kama amemwagiwa maji ya moto. "Mmenichanganyia! Ni ileile Bubu, wamempaka poda tu!" Foleni ikaanza kurudi nyuma. Na mlangoni, tai ile. Meneja. Akaona tundu kwenye bati la kampuni. Uso wake siwezi kuueleza.

Akaniambia zima. Injinia akawa mweupe, na yeye ni mtu mweusi tititi.

Sikuzima kwa sababu yake. Nilizima kwa sababu yangu. Nikafungua kioo, nikamwita yule mama, nikampa brashi. Nikamwambia, safisha mwenyewe. Ukitosheka, nitawasha.

Akanitazama. Akaingiza mkono mpaka begani. Akapiga brashi kila kona, akapuliza, akapangusa kwa kanga yake, akaangalia tena. Kwa kisiagi cha dizeli hakuna anayekufungulia tumbo la mashine uchungulie. Akafunga kioo. "Washa."

Ukatoka mweupe kabisa. Kisha Mama Halima, ambaye unga wake ndio ulioleta vita, akapanda juu ya ngazi na kutangaza kwamba kuanzia leo wenye mtama watasaga mchana, wenye mahindi matupu asubuhi, na asiyetaka aende akanuse dizeli. Hakuna aliyemwajiri. Amejiajiri.

Meneja alikaa kwenye gunia. Alikaa mpaka adhana ya alasiri akitazama foleni. Tai aliivua. Mwishowe aliuliza swali moja, la upole: hizo brashi tumenunua ngapi?

Moja tu, bosi. Yangu ya nyumbani.

Jumanne, 23 Septemba

Foleni mpaka msikitini. Nimekula mkate nimesimama.

Jumatano, 1 Oktoba

Mwezi umeisha na mlango uko wazi! Nimeimba njia nzima kutoka Kibera hadi Kawangware, watu wakidhani nimelewa.

Wateja wanatoka mpaka Ayany. Mama yake Injinia alipitia, akasaga yake, akaonja unga kwa ulimi, akamwambia mwanawe kwa Kijaluo maneno ambayo hakutaka kunitafsiria. Injinia alikuwa anatabasamu kama mtoto.

Meneja sasa anawaambia wageni kwamba kioo kilikuwa wazo la kampuni. Aseme. Mimi ninajua tulikolipata wazo: kwenye foleni ya Karanja, tumeshikwa na unga mikononi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Dada ya Bubu karudi Kawangware. Juu ya lori lilelile, kioo ubavuni. Na mimi ndiye msimamizi. Nafula! Nimepewa funguo, na brashi mpya za kutosha.

Lori lilipita mbele ya Karanja. Nilikuwa nimekaa mbele na dereva. Nikampungia mkono.

Mkono tu, polepole. Raha niliyoipata hata Krismasi hainipi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Siku ya kwanza imekwisha vizuri. Mvua ndogo. Watu wengi, kelele yao imenitosha.

Nilipokuwa nafunga akaja Mzee Karanja, kifurushi ndani ya koti. Akasema injini yake imekufa. Nimeisikia ikilia mchana kutwa, mtaa mzima umeisikia. Kisha akainamisha kichwa akasema ni mke wake. Amechoka kula ugali unaonuka dizeli, na leo kamfukuza nyumbani na mahindi haya.

Ningeweza kusema mengi. Nilikuwa nimeyaandaa tangu ile siku ya lori, nimeyapanga usiku kitandani moja baada ya jingine.

Nikafungua kioo. Nikampa brashi. Akasafisha, taratibu, kama mtu anayeijua kazi. Nikawasha, tukasimama wote wawili tukitazama mahindi ya mkewe yakiruka. Akaipiga soksi mwenyewe mpaka ikalegea, akauchukua unga wake akaenda.

Kisha nikamwaga ya mama, yaliyoletwa jana. Mara yangu ya kwanza. Nimeyatazama mpaka punje ya mwisho. Nimefika nyumbani unga bado una joto, nikasonga ugali, nikala.