Zawadi Aliyoichagua Ndanu

Mpendwa Mama Ndanu,

Ni siku ya pili baada ya Krismasi na watoto bado wamelala. Nimekaa kwenye meza yako ya kushonea, hapa dirishani, maana sijapata moyo wa kuihamisha. Kuna jambo nimewaambia watoto juzi, na naona ni haki yako kulisikia kutoka kwangu.

Miaka yote kazi ya kuchagua zawadi ilikuwa yako. Mimi niliijua Krismasi kama tulivyolelewa kule Makueni: chapati, nyama, na nguo mpya zilizonunuliwa kubwa makusudi ili zifike mwaka mwingine. Mwaka wetu wa kwanza hapa Donholm nilimletea Ndanu viatu vyeusi vya shule, nikavifunga kwa karatasi ya maua. Ulinicheka hadi ukashika ukuta. "Viatu si zawadi, Baba Ndanu," uliniambia. "Viatu ni haki yake."

Wewe ulikuwa mtu wa Gikomba, kwenye vibanda vya vitu vya watoto vya mtumba. Nilikusindikiza mara moja tu. Uliinama juu ya rundo la magari yasiyo na magurudumu na wanasesere wenye jicho moja, ukitafuta maboksi ya michezo. Ukapata moja la kuunda maneno, ukamwaga herufi zote kwenye leso na kuzipanga moja moja huku jua likitupiga. Zilikuwa zimepungua. Ulisema si kitu, utazikata za kadibodi. Mimi niliona haya. Nilikuambia unawaletea watoto wangu takataka za Wazungu.

"Mtoto anayeuliza sana," ulinijibu bila kuinua kichwa, "mpe kitu kitakachomjibu polepole."

Na hawa wetu waliuliza, Mutheu. Ndanu alikuwa na miaka mitano alipotaka kujua sauti huwa inaenda wapi redio ikizimwa. Kyalo aliifungua saa ya ukutani aone anayeisukuma mishale. Wewe ulikuwa unaweka chini nguo ya mteja na kuwasikiliza. Mimi nilikuwa narudi kutoka kazini, nimekaa stoo siku nzima nikipokea mizigo, na jibu langu lilikuwa moja: "Muulize mama yako."

Halafu figo zako zikaanza kukataa kazi.

Ulitaka waambiwe. Nakumbuka ulikuwa umekaa kitandani, miguu imevimba, ukasema, "Hawa si watoto wa kudanganywa." Nikakuambia watavurugika masomo. Tukawaambia, yaani niliwaambia mimi, kwamba mama amechoka na mgongo unamuuma, anaenda kupumzika hospitali. Na wiki ile ya mwisho uliniomba, "Niletee watoto niwaone." Nilikutazama. Uso ulikuwa umejaa, na mpira wa mashine ya kusafisha damu ulikuwa shingoni. Nikasema kesho. Kesho yake ukaniomba tena, nikasema Jumamosi, wakitoka tuisheni. Hukubishana. Uligeuza uso ukutani. Ijumaa saa nne nilipigiwa simu nikiwa stoo.

Hayo unayajua. Usiyoyajua ni haya.

Baada ya mazishi Ndanu aliacha kuuliza. Nilidhani amekua, nikashukuru hata. Mwezi wa kumi mwalimu wake akanipigia simu. "Baba Ndanu," akasema, "huyu mtoto alikuwa ananichosha kwa maswali. Siku hizi hainui mkono. Kuna nini nyumbani?" Nikamwambia tulifiwa. Akasema anajua tulifiwa, lakini ameona watoto wengi waliofiwa, na huyu ni kama amefunga mlango.

Desemba ilipofika nikaamua mwaka huu hapatakuwa na viatu. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda mjini kwenye duka kubwa la vitu vya watoto. Msichana wa duka akanipokea vizuri.

"Wako na miaka ngapi?"

"Kumi na mmoja, na saba."

"Na wanapenda nini?"

Mama Ndanu, nilisimama pale kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Nikasema wanapenda vitu vya akili. Akanionyesha sataranji, akanionyesha picha ya ramani ya kuunganisha vipande, akanionyesha roboti inayoimba. Kila boksi nililishika, nikalisoma nyuma, nikalirudisha. Yote yangeweza kuwa sawa na yote yangeweza kuwa makosa. Wale walikuwa watoto wangu na sikuwajua. Nilitoka mikono mitupu, na yule msichana akanifungulia mlango kwa huruma.

Jioni nikamwambia Ndanu ukweli. "Sijui niwanunulie nini."

Alikuwa anapanga vyombo. "Mama alikuwa anatupeleka tuchague."

"Alikuwa anawapeleka wapi?"

"Gikomba. Si zile Jumamosi tulikuwa tunakuambia tunaenda kununua vitambaa?"

Kumbe. Nilicheka kidogo, kisha nikaingia bafuni nikafungua maji yatiririke ili wasinisikie.

Jumamosi iliyofuata tukaenda watatu. Mwenye kibanda, mama mnene wa kofia ya sufu, aliwaona watoto tangu mbali. "Wateja wangu! Mmenipotea hivyo! Na mama yenu je, amenihama?"

Kyalo akanitangulia kujibu. "Alikufa. Mwezi wa saba."

Hakuwa amewahi kulitamka neno hilo mbele yangu. Yule mama akaketi juu ya furushi lake. Akamvuta Kyalo, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Baadaye akasema, "Basi chagueni. Chagueni polepole, mimi siendi mahali."

Kyalo alipata drafti upesi, kete zote zikiwa kamili. Ndanu alichukua muda mrefu. Alizunguka, akachutama, akapotea nyuma ya rundo, mwishowe akarudi amekumbatia boksi lililopasuka pembeni. Ndani yake mlikuwa na mwili wa mtu wa plastiki, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Kifua kinafunguka, moyo unatoka, ini linatoka, utumbo, kila kitu.

"Hiyo ni ya kusomea udaktari," nikamwambia. "Chagua mchezo."

"Nataka hii."

"Itakutisha, mama."

Akanitazama usoni, vile ulivyokuwa unanitazama wewe. "Baba, nataka kuona figo iko wapi. Ulisema Mama amechoka. Halafu kwa matanga nikasikia watu wakisema ni figo. Hakuna mtu ametueleza kitu."

Yule mama wa kibanda aligeukia upande mwingine, akajifanya anakunja nguo. Nikalichukua lile boksi.

Siku ya Krismasi, baada ya kanisa, tulilifungua hapa mezani kwako. Chapati zilikuwa zimefunikwa jikoni. Ndanu akatoa viungo akavipanga kwenye kitambaa, na za mwisho zikatoka zile figo mbili ndogo za rangi ya damu ya mzee, zimekaa nyuma kabisa, mgongoni.

"Ziko mbili," Kyalo akasema. "Mbona hakutumia hiyo ingine?"

Nikaeleza. Nikaeleza kwamba zote mbili zilikuwa zimekataa kazi, na damu husafishwaje, na mashine ilikuwa inafanya nini, na kwa nini mashine nayo huishiwa nguvu kwa mtu aliyechoka sana. Pale nisipojua nilisema sijui. Nafikiri niliongea karibu saa nzima. Katika maisha yangu yote sijawahi kumjibu mtoto saa nzima.

Kisha Ndanu akauliza, akiwa ameishika figo moja kiganjani, "Ulijua atakufa?"

"Daktari aliniambia."

"Na yeye alijua?"

"Alijua."

Kisha akasema polepole, "Kwa hivyo alijua, na hakutaka kutuona."

Mutheu, miezi mitano watoto wako walikuwa wakilala na kuamka na wazo hilo. Kwamba mama yao alijua anaondoka na hakuwaita.

Ningeweza kusema daktari alikataa, wangeniamini. Nikasema, "Alitaka. Aliomba mletwe mara mbili. Ni mimi niliyekataa. Niliogopa mtamwona alivyokuwa."

Kyalo alinirukia. Alinipiga tumboni kwa ngumi zake zote mbili, akilia kwa sauti ambayo hakuitoa hata kaburini, na sikumzuia. Ndanu alirudisha viungo ndani vyovyote vile, akafunga kifua, akaenda chumbani. Chapati zililala jikoni.

Jana asubuhi nilikuwa napika chai aliposimama mlangoni. "Aliomba sote wawili?"

"Alitaja jina lako, halafu la Kyalo."

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua kikombe chake na cha mdogo wake, akaondoka. Kyalo bado hasemi na mimi. Akinipita ukumbini anapita akiwa ameegemea ukuta.

Siombi msamaha wako kwa karatasi. Nitakuja mwezi wa kwanza nikuombe nikiwa nimesimama mbele ya kaburi lako, na wao wakitaka kuja nitawaleta. Lakini nilitaka ujue walipofika. Wamenikasirikia, tena sana, na nyumba ni nzito. Afadhali hivyo. Afadhali wanikasirikie mimi niliye hapa, wanayeweza kunipiga na kuniuliza, kuliko kukukasirikia wewe usiyeweza kujitetea.

Pumzika, Mutheu. Nasikia kitanda cha Ndanu kikilia, ameamka. Naenda kuwasha jiko.

Wako,
Baba Ndanu