Ndege Wawili wa Bondeni, na Posa Yangu

Temeke, Jumapili, Aprili 1954

Mvua haijakatika tangu alfajiri. Nimejifungia chumbani, sitaki kuonwa na mtu. Nani hasa wa kuniona, sijui.

Juzi Bwana alinigombeza. Ni Mzungu anayechunguza ndege. Mie ndiye ninayewachuna, kuwajaza pamba na kuwafunga vikaratasi vya majina miguuni. Nilikuwa nimewaandika vijindege wa bonde la Msimbazi kuwa aina moja, maana manyoya ni yale yale na mdomo ule ule. Akanipeleka bondeni tukasikilize. Kumbe! Mmoja anapiga mluzi mrefu, mwingine anakatakata sauti kama mkasi wa fundi. Dume wa huku akiimba, majike wa kule hata hawageuki. Wanakaa kwenye majani mamoja lakini hawazaani, basi hao ni aina mbili.

Eti zamani walikuwa wamoja. Wakatenganishwa, labda na msitu au mto, wakakaa mbalimbali muda mrefu mno hata nyimbo zao zikaachana. Walipokutana tena hawakujuana.

Nilicheka. Jana sikucheka.

Jana nilikwenda kwa baba yake Mwanaidi. Mwanaidi tunaonana bombani kila asubuhi, na ameniambia yu radhi nimwoe. Basi nikavaa kanzu yangu mpya, nikaketi barazani mbele ya wageni wa watu, nikamposa kwa mdomo wangu mwenyewe. Bila mshenga, bila barua, bila mzee hata mmoja. Loo, aibu! Wageni wakainamia kahawa yao.

Mzee hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Kijana," akasema, "kwani huna watu? Ipo posa nyingine hapa, naijibu Ijumaa. Kama unao watu, walete kabla."

Njia nzima nilimlaani. Nikajiambia hawa wa pwani na sie wa Kondoa hatuwezani, ni kama wale ndege. Upuuzi mtupu. Mie na Mwanaidi tunacheka mambo yale yale, na watoto tungepata kama watu wote. Jike wa bondeni hawezi kuamua kuusikiliza wimbo wa jirani. Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza namna ya kuposa. Mtu gani mwingine angenifanyia hivyo?

Nakiri: sina watu kwa sababu sikuwatafuta. Najua kila ndege wa Msimbazi kwa sauti yake, lakini humu nyumbani ninalala tu, majirani siwajui.

Chumba cha pili anakaa mzee mmoja wa hapa hapa Temeke. Anaheshimika, wote humwamkia. Miezi minane namsikia akikohoa nyuma ya ukuta, na shikamoo yangu huitupa nikipita mbio. Yeye angeweza kunisemea.

Kesho nitabisha hodi kwake. Lakini nitamwombaje anisimamie kama baba, na mie hata jina lake silijui?