Mkaguzi Aliniuliza Kama Nilipigwa

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi, hazienei kwenye karatasi hii. Nyumba tumeipaka rangi, nimechagua mimi, na mtaa mzima sasa unaniiga.

Ila nisaidie, kichwa kinanizunguka. Unaujua ule mfuko wa serikali wa waliodhuriwa na wahalifu, unaonilipia mazoezi ya mkono tangu wale vibaka wawili waniumize. Basi mama mmoja mkaguzi alikuja karakana, kuhakikisha fedha zinawafikia walioumia kweli. Mafundi wote wakaacha kazi, wakasogea.

“Pole, mzee. Walikupiga sana?”

“Nipigwe mimi? Walikuwa saba, nikawapanga chini kama matofali!”

“Na mkono?”

“Huu? Mama, huu unanyanyua injini!”

Fundi rangi akadakia, “Mwambie na ile ya chui!”

Mama akacheka, akaandika, akaaga vizuri. Nikajua nimempendeza.

Juzi kliniki wananiambia malipo yamesimamishwa, eti mkaguzi amenikuta mzima. Sielewi. Alitaka nilie mbele za watu ndipo aamini? Na vifungo vya shati, mwanangu, ananifungia mkazamjomba wako. Daktari anasema nikiacha mazoezi, vidole vitakakamaa hivi hivi.

Wewe ndiye uliyenitoa mtaroni siku ile. Mpigie huyo mama, umweleze ulivyonikuta, hata habari ya kulia. Ila akitaka kuja tena, mwambie aje nyumbani, asipitie karakana.

Ni mimi mjomba wako, ambaye bado hajapata mpinzani.