Manyanda Alishapewa Barua

Mpanda, 12 Agosti 1996

Mama Ndaki,

Sisi wazima, na ng'ombe wako mwekundu amezaa dume. Dada yako anaendeleaje huko Tabora?

Wiki ya tano hujaandika, nikaona nikufuate. Juzi nilikwenda kwa mtendaji kuomba barua ya utambulisho, nisije nikashushwa kwenye treni. Karani, mgeni hapa kwetu, akafungua faili.

"Manyanda alishapewa barua, ya yeye na mkewe Nyanzala kwenda Tabora."

"Manyanda ni mimi!"

"Basi lete stakabadhi yako ya kodi. Yeye alileta yake."

Nimepekua sanduku zima, haimo. Karatasi ile haina picha, mwanamume yeyote anaweza kuibeba.

Nijibu jambo moja tu: huyo Manyanda uliyepanda naye treni, kwao anaitwa nani?

Mumeo,
Manyanda wa Misunkumilo