Vipandio vya Chantegrelle

Mazeirou, 22 Juni 1998

Shemeji Gaspard,

Habari za Guéret, na za dada yangu Huguette? Mgongo wake umetulia tangu aache kubeba ndoo za bustanini? Mimi ni mzima wa kuamka na kunywa kahawa, zaidi ya hapo sidai. Mvua imenyesha wiki nzima na nyasi zimenishinda.

Kadi yako ya Mzunguko wa Chemchemi imefika Ijumaa. Kilomita mia na ishirini na saba kwa baiskeli, kwa mtu wa miaka sabini na mbili, si mchezo, na nakupa hongera. Ila kuna jambo nimelizungusha kichwani siku tatu nzima. Mihuri ya mikahawa mitatu iko sawa. Tatizo ni kituo cha tano, Chantegrelle, ambako siku hizi hakuna duka wala mtu wa kukugongea muhuri. Swali la pale, la kujibiwa badala ya muhuri, ni lile lile tuliloliweka mimi na wewe: ni vipandio vingapi vinashuka hadi kwenye bwawa la kufulia? Umeandika saba. Ni tisa, Gaspard. Kadi zako tisa za miaka iliyopita ninazo hapa mezani, ya mwisho ya 1996 kwa kuwa mwaka jana hukuzunguka, na zote umeandika tisa.

Ningependa kufumba macho. Lakini mwaka jana nilimkatalia mwanamama mmoja wa Limoges kwa kosa hili hili, naye aliniandikia barua ya kuomba sana. Siwezi kumkatalia mgeni nikampitishia shemeji. Kwa hiyo jina lako haliwezi kuandikwa mwaka huu kwenye ubao wa waliozunguka mara kumi. Jaribu tena Septemba, kukiwa na baridi kidogo.

Msalimie Huguette. Karibuni chakula tarehe kumi na tano Agosti, kama kawaida.

Shemeji yako,
Anselme

*

Guéret, 27 Juni 1998

Mwalimu,

Salamu zako tumezipata. Mgongo wa Huguette haujambo. Wangu hujauliza, basi nakwambia mwenyewe: haujambo pia. Kinachouma ni kwingine.

Umestaafu miaka kumi na minne na bado unatembea na kalamu nyekundu mfukoni. Mimi nimefanya kazi ya reli maisha yangu yote, nimehesabu mataruma ya reli kwa maelfu, na wewe unaniambia sijui kuhesabu hadi saba. Nilifika Chantegrelle saa saba mchana. Nikakaa kwenye vile vipandio, nikala mkate wangu na jibini, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuongea naye nikavihesabu mara mbili. Vilikuwa saba nikishuka, na saba nikipanda.

Tena unaniambia nijaribu Septemba. Hakuna Septemba, Anselme. Daktari amenionyesha picha ya nyonga yangu, na hata mimi nisiyejua kusoma picha hizo nimeona. Huu wa kumi ulikuwa wa mwisho. Baiskeli nimeitundika bandani na tairi nimezitoa upepo. Nilikuwa nataka jambo moja tu, kuona jina langu kwenye ubao ule wakati bado naweza kusimama mbele yake bila mkongojo.

Nina swali, na unijibu kama mtu mzima. Sheria tuliyoitunga inasema mwenye njia aipite yote kila Aprili kabla ya kugawa kadi. Wewe uliipita lini mara ya mwisho?

Shemeji yako,
Gaspard

*

Mazeirou, 1 Julai 1998

Shemeji Gaspard,

Natumaini mko salama. Pole kwa nyonga.

Njia niliipita Aprili, kama kila Aprili. Sahihi yangu iko nyuma ya kadi yako, chini ya neno "Nimeipita". Vipandio ni tisa.

Nawasubiri tarehe kumi na tano.

Anselme

*

Mazeirou, 14 Septemba 1998

Shemeji yangu Gaspard,

Hujambo? Najua hukupanga kupata barua yangu, na mimi sikupanga kuiandika. Nimeanza tatu nikazitia jikoni zikawashia moto.

Tarehe kumi na tano Agosti Huguette alikuja peke yake na basi, na mkate wake wa viazi umefungwa kwenye taulo. Alisema una kazi bandani. Sikumuuliza ni kazi gani, maana baiskeli ya tairi zisizo na upepo haina kazi. Tulikula tukiongea habari za mvua. Wakati wa kuondoa sahani ndipo aliposema, bila hata kunigeukia: "Mnagombania vipandio, na nyote wawili pale kwangu mnapanda ngazi mmeshika ukuta."

Sikulala vizuri wiki ile. Jumatano iliyopita nikatoa baiskeli.

Gaspard, nilikudanganya. Mara ya mwisho kuipita njia yote ilikuwa Aprili 1996. Baada ya hapo masikio yangu yakaanza kunizungusha. Nikigeuza shingo kutazama nyuma, barabara inainama. Mwaka jana nilifika daraja la kwanza nikarudi. Mwaka huu sikutoka hata nje ya lango. Lakini kadi zilihitaji sahihi, na watu walikuwa wameshaniandikia kuziomba, nami nikajiambia barabara zile hazibadiliki, kwani nani aliyebaki kule wa kuzibadilisha? Nikakaa mezani nikaandika "Nimeipita" mara thelathini na moja.

Kutoka kwangu hadi Chantegrelle ni kilomita kumi na moja. Zilinichukua saa mbili na nusu, nusu yake nikisukuma baiskeli. Sikupishana na gari hata moja. Unakumbuka mwaka 1974 tulivyolaza ramani kwenye meza ya mama yako, tukitafuta barabara zisizo na magari? Tumezipata. Sasa hazina hata kuku. Duka la mikate la Chantegrelle lina pazia lile lile dirishani, ila limeliwa na jua. Niliendesha nikiwa nimechoka, na si miguu peke yake iliyochoka.

Vipandio ni saba. Nilivihesabu nimesimama, nikavihesabu nimekaa. Wametengeneza bwawa, wakainua sakafu kwa saruji, na viwili vya chini vimezikwa. Fundi ameandika kwa kijiti kwenye saruji kabla haijakauka: Oktoba 1996. Miezi sita baada ya safari yangu ya mwisho. Nimefundisha miaka thelathini na tano, sijawahi kusahihisha mtihani ambao mimi mwenyewe sikuufanya, hadi huu.

Nilitaka niendelee hadi kituo cha sita, nikautazama mlima wa Mas-Perdrix wa kupandia huko, nikageuza.

Nimemwandikia yule mwanamama wa Limoges, nikamrudishia kadi yake ikiwa na muhuri. Yako hii hapa. Vituo vyote vinane nimevipitisha, na seremala ataandika jina lako kwenye ubao Jumamosi. Sikuombi unisamehe kwa haraka. Naomba tu usiache kuja kula.

Shemeji yako aliyekukosea,
Anselme

*

Guéret, 17 Septemba 1998

Shemeji Anselme,

Huguette anakusalimu. Amesoma barua yako kabla yangu, akaniwekea juu ya sahani yangu badala ya supu. Sote wazima, na wewe masikio hayo kayaonyeshe daktari, usizunguke nayo.

Mzuie seremala. Nakurudishia kadi.

Tazama kituo cha sita, kanisa dogo la Mas-Perdrix. Swali: mlango wake una rangi gani? Nimeandika kijani, na wewe umelitia alama ya sahihi kwa kalamu nyekundu. Sikufika Mas-Perdrix, Anselme. Pale nilipokaa kula mkate mguu ulikaza kuanzia nyongani hadi kwenye kisigino, na nilipojaribu kuinuka nikarudi chini kama gunia. Nilikaa zaidi ya saa moja. Nilipoweza kupanda baiskeli sikuweza hata kuutazama ule mlima. Nikashika barabara ya bondeni, kilomita sita za tambarare, moja kwa moja hadi mkahawa wa kituo cha saba. Nikagongewa muhuri, nikaagiza glasi ya sharubati ya mnanaa, na pale mezani nikaandika "kijani", kwa kuwa nilikuwa nimeandika kijani mara tisa.

Kwa hiyo jibu langu la kweli ulilikataa, na la uongo ukalipa alama. Nilipopata barua yako ya kwanza nilifurahi, usishangae. Nilipata kitu cha haki cha kupigia kelele. Nilipiga kelele kuhusu vipandio miezi mitatu ili nisiusikie ule mlango. Hata Agosti sikuogopa kukuona wewe, niliogopa ungenipongeza.

Nimechoka, shemeji. Nilidhani uchovu huu ungeisha jina langu likiandikwa. Usiliandike.

Shemeji yako,
Gaspard

*

Mazeirou, 21 Septemba 1998

Shemeji Gaspard,

Pole na nyonga, na pole na barua kama ile. Najua uzito wa kuiandika. Seremala nimemzuia. Amekasirika, alikuwa ameshachanganya rangi.

Jana nilichukua orodha yangu ya majibu ili nikate kosa la Chantegrelle. Nikafika kituo cha sita, nikajaribu kuuona ule mlango. Sikuuona. Nikajitahidi kukumbuka siku ile ya Aprili 1996, na ninachokumbuka ni gurudumu la mbele na lami, maana nilipanda nimeinamisha kichwa, na nikateremka hivyo hivyo. Niliandika kijani kwa sababu mwaka uliotangulia niliandika kijani. Huenda ni kijani. Huenda hauna mlango tena. Watu thelathini na mmoja wana kadi yangu mwaka huu, na mwenye njia hajui.

Jumanne ijayo kuna basi linalokushusha Chantegrelle saa tatu asubuhi. Nitakuwa nimekaa kwenye vipandio. Kutoka pale hadi Mas-Perdrix ni kilomita nne, na hakuna atakayetupita. Baiskeli ilete, hata tairi zikiwa hazina upepo, itakufaa kuegemea. Tutasukuma, tutapumzika, na tukishindwa tutarudi siku nyingine tuanzie pale tulipoishia. Huguette aje na mkate wa viazi, na atuhesabie yeye chochote kitakachohitaji kuhesabiwa.

Nimeambatisha kadi mpya. Haina sahihi nyuma. Nitaitia tukifika, na wewe utashuhudia. Kwenye orodha yangu, kituo cha sita, nimekata neno kijani na kuacha nafasi tupu.

Shemeji yako,
Anselme