Hisa za Senti na Neno la Sahan

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Joto! Feni ya studio imekufa tena. Kabla ya taarifa ya mchana, Khalif, meneja wetu, aliniletea karatasi. Eti nisome kama habari: hisa za kampuni ya ngozi ya Jangwa zinapaa, kiwanda kinapanuliwa, anayetaka awahi. Nikauliza nani kaandika. Kampuni yenyewe, akasema, na imeshalipa. Nikasema basi tuseme ni tangazo. Akacheka tu. Nikasoma.

Na mimi ninazo za Jangwa, kidogo. Nilinunua mwaka jana kwa senti sabini. Sharti langu ni moja — soma ripoti ya kampuni, achana na magazeti na redio. Ripoti ya mwaka huu inasema kiwanda kimefungwa tangu Machi. Kwangu hizo hisa ni mbuzi aliyekwisha liwa na fisi.

Jumatano, 5 Novemba
Jangwa imepanda siku mbili mfululizo! Nikashika simu niongeze nyingine. Kwa maneno niliyoyasoma mwenyewe, ya kulipiwa! Nikajiuliza, Ugbad, una wazimu? Nikaficha simu chini ya mto, nikafungua ripoti tena. Kiwanda bado kimefungwa. Kama mimi ninayejua nimeshawishika hivi, je, wanaonisikiliza?

Ijumaa, 7 Novemba
Hooyo, mama yangu, kaniambia kaka yake, abti Warsame wa Modogashe, anauza ngamia. Nikadhani ni ukame. Kumbe anataka kununua hisa za Jangwa! Kanisikia redioni. Nikampigia mara moja.

Akaniambia, tangu zamani familia huhama kwa neno la sahan, yule anayetumwa mbele kutazama malisho. Sahan akisema mvua imenyesha, unapakia mizigo. Sasa sahan wetu ni wewe, akasema. Nikamwambia, abti, ngoja, ile ni karatasi tu nilipewa, kiwanda kimefungwa. Akacheka sana. Unamficha mjomba wako malisho? Alidhani nataka kuzinunua zote peke yangu! Wallahi nililia baada ya kukata simu.

Jumapili, 9 Novemba
Nimemwambia Khalif sisomi tena. Hakukasirika hata. Kasema kiti changu kina watu mlangoni, wengine watasoma bure. Haya basi. Kodi, dawa za sukari za hooyo, karo ya mdogo wangu Iftin, vyote vinatoka kwenye kiti hicho. Nikisema kweli hewani, nafukuzwa. Nikinyamaza, abti kwisha. Maji yamenifika shingoni.

Nikawaza angalau niuze zangu wakati bei iko juu. Nimuuzie nani — abti? Astaghfirullah.

Jumatatu, 10 Novemba
Naandikia studioni, qasida inacheza. Abti amekuja na lori. Ameuza ngamia wote, kabakiza mmoja wa maziwa. Amekaa mapokezi, nje ya kioo, vumbi la njiani bado liko kwenye koti, bahasha ya pesa ameilaza mapajani. Anataka nikitoka tu nimnunulie hisa kwa simu yangu. Nimemwambia tena asubuhi hii kiwanda kimefungwa. Kasema, mbona redioni husemi hivyo?

Karatasi ya leo iko mbele yangu: Jangwa yazidi kupaa. Khalif yuko nyuma ya abti, ananionyesha saa.

Nilipokuwa naingia, abti alinishika mkono. Kasema marehemu baba yake alikuwa sahan, na sahan akirudi huulizwa swali moja tu kabla watu hawajapakia: hizo nyasi umezikanyaga mwenyewe? Akaniuliza hivyohivyo, bila kucheka. Khalif akaniita. Nikasema, abti, nitakujibu nikitoka.

Kasema hapana, nimjibu humu humu ndani, hewani, atanisikia.

Qasida inaisha. Abti ameomba redio ya pale mapokezi iongezwe sauti. Taa nyekundu ya hewani imewaka, na karatasi ya Khalif nimeigeuza chini.