Klara Hajakufa

Mujukuu wangu Furaha,

Siye tuko. Mama yako anakusalimia, na mbuzi yako imezaa.

Unaniuliza watu wa filme wanaendaga wapi kama hadisi imeisha. Sikia.

Wakati wa vita, muchuuzi mumoja wa Butembo alikuwa anatuonyesha filme ya vipande vipande kwa televizyo mu duka yake, hapa Kitshanga. Tulimupenda binti mumoja wa ile filme, Klara. Kabla ya kuona kipande cha mwisho, masasi ikalia, tukakimbia. Kule Kashuga, kwa kambi ya wakimbizi, tulikuwa tunalima maharagi ya watu. Kila mama akifika mwisho wa musitari, anaongeza habari ya Klara, ya kujitungia mwenyewe. Mimi nilimujengea nyumba ya mabati.

Tukakimbia tena, mpaka Mpofi. Pale mama mumoja, aliyeona mwisho wa filme, akasema: «Klara alikufa.»

Nikasimama na jembe mukononi. «Acha uongo! Nimemuacha Kashuga juzi, iko muzima, analima!»

Wamama wote wakaitika: «Njo vile!»

Mashamba, watu wa vita walitunyanganya. Lakini Klara, hapana. Leo iko muzee kama mimi, meno imebaki kidogo. Mwenye kusema alikufa, akuje aniambie hapa, mbele ya macho yangu.

Koko yako